Hongo ya Maji: Kilimatinde na Deni la Wapita Njia

Kilimatinde imejengwa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Anayesimama hapo akatazama mashariki huiona nchi ya Bahi chini yake, pana na tambarare, na kwa miezi mingi ya mwaka yenye rangi ya vumbi. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 700. Baada ya hapo nyasi hukauka, mibuyu hubaki bila jani, na maji hutafutwa mchangani kwa jembe na ndoo.

Mahali pa namna hii, mtu akihubiri habari za "kuishi kijani" anaweza kuonekana anatania. Wapo wanaodhani mafundisho hayo ni ya watu wa nchi za mvua nyingi, au ya matajiri waliokwisha kushiba na sasa wanatafuta jambo la kuzungumza. Sisi tunaona kinyume chake. Palipo na maji mengi mtu anaweza kuishi vibaya miaka mingi bila kuambiwa na mtu. Palipo na maji machache, nchi yenyewe humwambia mapema. Historia ya Kilimatinde imekwisha kutuuliza swali la utunzaji wa nchi mara nyingi, ila kwa maneno mengine: anayepita na kunywa maji ya mahali, anawaachia nini wanaobaki?

Hongo kabla haijawa rushwa

Leo neno hongo lina maana moja tu mdomoni mwetu: fedha ya rushwa. Katika karne ya 19 lilikuwa na maana nyingine. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikakabili nyika nyingine iliyoitwa Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyanyembe. Majina hayo mawili yanatosha kueleza taabu ya safari: maji makali upande mmoja, shamba kali upande mwingine. Katikati yake walikaa Wagogo, na Wagogo walikuwa na visima.

Msafara ulipofika kwa mtemi ulipaswa kutoa hongo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Ndipo ulipopata ruhusa ya kupita na kuteka maji. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wazungu wengi waliofuata waliandika kwa hasira juu ya hongo za Ugogo, kana kwamba ni unyang'anyi. Tukilitazama jambo hilo kutoka upande wa kisima tunaona hesabu tofauti. Msafara mkubwa ungeweza kuwa na watu mia kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya elfu. Watu hao walikunywa kwa siku mbili tatu maji ambayo kijiji kiliyategemea kwa ng'ombe wake na watoto wake mpaka mvua nyingine. Walikula nafaka ya ghalani. Walikata kuni. Kisha waliondoka. Kisima kilichimbwa na watu wa mahali, kikasafishwa na watu wa mahali, na kikikauka ni watu wa mahali waliokufa kiu. Hongo ilikuwa njia ya kumwambia mgeni kwamba maji haya yana wenyewe, na kwamba kuyatumia ni kuingia deni.

Hatusemi kwamba mambo yalikuwa safi. Baadhi ya watemi walijitajirisha, na si kila kitambaa kilichotolewa kiliwafikia wanawake waliochota maji yale. Misafara yenyewe ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba wanadamu waliouzwa. Utaratibu wa hongo haukuzuia uovu huo. Mara nyingine uliupatia njia. Lakini ndani yake kulikuwa na kanuni moja ambayo Mkristo hana budi kuitambua: hakuna maji ya bure, na anayelipia lazima awe yule anayekunywa, siyo yule anayebaki.

Boma na reli

Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliweka boma lao Kilimatinde. Hapakuchaguliwa kwa bahati. Hapo ndipo njia ya misafara ilipopanda kutoka bondeni kwenda magharibi, na mwenye kushika ukingo aliishika njia. Hongo ikakomeshwa kwa bunduki. Waliolipwa jana wakawa walipaji: kodi ya nyumba, kazi ya lazima, chakula kwa askari. Mpita njia aliyekuwa na deni sasa alikuja na daftari la kuwadai wenyeji.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya chuma haikupita katika mji wa Kilimatinde. Ilikwea ukingo upande wa Saranda na kuelekea Manyoni. Shughuli za serikali zikahamia mijini kulikokuwa na stesheni, na Kilimatinde, iliyokuwa makao ya wilaya kubwa ya Kijerumani, ikabaki juu ya kilima chake. Njia iliyoujenga mji ilihama, na mji ukajua maana ya kupitwa.

Katika kupitwa huko kuna somo. Mji uliojengwa kwa ajili ya wapita njia hauna mizizi yake mwenyewe. Uliobakiza Kilimatinde ni kazi ya watu waliokuja kukaa: wakulima wa uwele na mtama, wafugaji, na baadaye Kanisa pamoja na hospitali na shule zake. Misheni ya Church Missionary Society ilikuwa imeingia Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia, na kwa miaka mingi wamisionari wa Australia walifanya kazi katika nchi hii kavu, Kilimatinde ikiwamo. Walikuwa nao ni wageni. Lakini wauguzi na walimu waliokaa miaka mingi walikunywa maji yale yale, wakangoja mvua ile ile, na wengine wakazikwa katika udongo huu. Mgeni wa namna hiyo hujifunza haraka thamani ya debe moja la maji.

Njaa iliyoitwa Mtunya

Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Uingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer, yaliichukua Dodoma na kuisogelea reli ya kati. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba ghalani, hapakuwa na mifugo ya kuuza, na nguvu za kulima zilikuwa zimepelekwa vitani. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina: Mtunya. Inakadiriwa kwamba katika Wilaya ya Dodoma pekee, yenye watu wapatao 150,000, walikufa watu 30,000.

Tunaikumbuka Mtunya kwa sababu watu hupenda kuisingizia mvua. Ukame ulikuwapo Ugogo tangu zamani, na wenyeji walikuwa na njia zao za kuuvuka: kutawanya mifugo kwa jamaa wa mbali, kupanda uwele unaostahimili jua, kuweka akiba, kuhamia kwa ndugu. Vita ilivunja njia hizo zote kwa pamoja. Mvua ilikosekana kama ilivyowahi kukosekana, lakini safari hii kila kilichokuwa kikizuia kiangazi kisigeuke kifo kilikuwa kimekwisha kubebwa. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 20, inawakataza wanaouzingira mji wasiikate miti ya matunda kwa sababu ya vita, kwa kuwa mti wa shambani si adui. Amri hiyo ni ya kale sana, lakini inahusu hasa jambo lililotokea kwenye njia ya reli yetu: majeshi yanayopigania ya kwao na kuharibu chakula cha watakaobaki.

Karanga za Kongwa

Miaka michache baada ya vita vya pili walikuja wapita njia wengine, safari hii na matrekta. Serikali ya Uingereza, ikihitaji mafuta ya kupikia, iliamua mwaka 1946 kulima karanga, hasa katika Tanganyika, kwenye eneo la zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, mashariki ya Dodoma, ilikuwa kituo cha kwanza. Urambo, magharibi ya Tabora, kikawa kituo kingine, na Nachingwea cha tatu kikawa kusini. Mwaka 1947 walikusudia kufyeka ekari 150,000. Walizoweza kupanda hazikufika 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja mashine. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama sakafu, karanga zikakataa kung'oka. Mvua haikufuata ratiba iliyopangwa London. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Wagogo wa Kongwa walijua mambo matatu ambayo wataalamu hawakuyauliza: mvua hukosekana, udongo hufunga, na vichaka vile havikuota pale bila sababu. Mpango ule haukuanguka kwa kukosa fedha wala bidii. Ulianguka kwa sababu ulipangwa na watu ambao wasingekula hasara yake. Fedha iliyopotea ilikuwa ya walipa kodi wa mbali, na nchi iliyovuliwa nguo ilikuwa ya wengine.

Si wageni peke yao

Mpaka hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba tunaweka hesabu yote mlangoni pa wageni. Haki haituruhusu. Magharibi ya Kilimatinde, katika ile nchi ya Mgunda Mkali, viko vichaka vya Itigi. Ni uoto wa pekee: miti mifupi ya mita tatu hadi tano, iliyosongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupenya bila panga, nayo humwaga majani wakati wa kiangazi. Nje ya hapo, vichaka vya namna hiyo hupatikana kaskazini mwa Zambia tu, kuelekea ziwa Tanganyika na ziwa Mweru Wantipa. Sehemu kubwa ya vichaka vya Itigi imekwisha kufyekwa, na waliofyeka hawakutoka Berlin wala London. Tumefyeka sisi kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa.

Katika miaka ya 1970 watu walikusanywa katika vijiji ili wapate shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa njema, na shule tunazo hadi leo. Lakini kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na malisho yake na mahali pa kukata kuni, zilipobanwa mahali pamoja, duara la ardhi tupu kuzunguka kijiji lilipanuka mwaka hadi mwaka. Kule Kondoa mmomonyoko ulikuwa umekwisha kuchimba makorongo makubwa, hata serikali ikaanzisha mwaka 1973 mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika. Nyasi zilirudi na miti ikarudi. Lakini mfugaji aliyeambiwa aondoke na ng'ombe wake alilipa deni la watu wengi, wakiwamo waliokufa zamani. Nchi inapofikishwa mahali pa kuhitaji amri kama ile, malipo hayawi ya haki tena.

Wageni na wapitaji mbele za Mungu

Sasa tuje kwenye imani. Mtu angeweza kutoka katika historia hii na fundisho jepesi: mkaaji ni mwema, mpitaji ni mbaya. Maandiko hayatuachi hapo. Katika Walawi 25 Mungu anawaambia Israeli kwamba nchi haitauzwa kabisa, maana ni yake, nao ni wageni na wapitaji tu kwake. Hata aliyezaliwa Kilimatinde, na babu yake, na babu wa babu yake, mbele za Mungu ni mtu wa msafara. Atakunywa maji siku chache, kisha ataondoka, na wengine watakuja kisimani.

Kwa hiyo kupita hakumfanyi mtu kuwa mwovu. Uovu ni kupita bila kulipa. Na hapo neno la zamani la Ugogo linaweza kutusaidia kuelewa lile ambalo wataalamu huliita maendeleo endelevu: kutumia nchi kwa namna ambayo aliye nyuma yako kwenye foleni ya kisima hatakuta tope. Mwanzo 2 inasema mwanadamu aliwekwa bustanini kuilima na kuitunza. Kulima ndiko kunywa. Kutunza ndiyo hongo. Anayelima bila kutunza anafanya walichofanya majeshi ya 1916, ingawa ameshika jembe.

Mwanzo 26 inasimulia habari za Isaka, ambaye alivichimba upya visima vya baba yake Ibrahimu vilivyofukiwa. Aligombaniwa kisima cha kwanza, akagombaniwa cha pili, akachimba cha tatu mpaka akapata nafasi na kukiita Rehobothi. Msomaji wa nchi ya mvua anaweza kuiruka sura hiyo. Mkristo wa Manyoni anajua kila kitu kilichomo: ugomvi wa wafugaji, uchovu wa kuchimba, na neema ya kupata mahali ambapo wote wanatosha.

Deni linavyoweza kulipwa

Mwaka 1984 Baraza la Ushauri la Kianglikana lilitaja alama nne za utume wa Kanisa. Mwaka 1990 liliongeza ya tano, inayotaka Kanisa lijitahidi kuulinda uumbaji na kuuhuisha uhai wa dunia. Mwaka uliofuata, 1991, ikaundwa Dayosisi ya Rift Valley, ikamegwa kutoka Central Tanganyika, naye Alpha Mohamed akawa askofu wake wa kwanza. Dayosisi yetu haina umri mmoja hata siku moja ambapo utunzaji wa nchi haukuwa sehemu ya utume wake. Tulizaliwa na deni hilo likiwa limekwisha kuandikwa.

Kulilipa si jambo la kungoja wafadhili. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kanisa lenye paa la meta za mraba 200, katika mwaka wa milimita 600, hupokea lita 120,000. Hata robo ikipotea, zinabaki lita 90,000. Parishi yenye paa la bati lisilo na mfereji wala tangi hupokea zawadi hiyo kila msimu na kuiacha itiririke kuchimba msingi wa kanisa lenyewe.

Miti nayo haihitaji kila mara kitalu. Mwaka 1983 mmisionari wa Australia, Tony Rinaudo, akiwa Niger, aligundua kwamba vichaka vidogo alivyovipita kila siku jangwani vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, mizizi yake ikiwa hai. Akawafundisha wakulima kuchagua machipukizi machache yenye afya, kupogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki. Leo nchini Niger hekta zipatazo milioni 5 zimerudiwa na miti kwa njia hiyo. Dodoma, jirani zetu, njia hiyo huitwa kisiki hai, na shirika la LEAD Foundation limewafundisha wakulima wengi: chagua, pogoa, weka alama ya kitambaa, tunza. Anayesoma Ayubu 14, palipoandikwa juu ya mti uliokatwa kuwa bado una tumaini kwa harufu ya maji, hataona ajabu. Kazi inayobaki ni kuwazuia mbuzi na panga kwa misimu mitatu minne.

Kuna na kuni. Serikali imeweka mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Shule, vyuo na hospitali za Kanisa hupika kwa masufuria makubwa, na kila sufuria lina mti wake. Jiko la taasisi likibadilishwa, ekari nyingi za vichaka zinapumua.

Mwisho, wapita njia hawajaisha. Tangu miaka ya 2000 makampuni yamepita Manyoni na Bahi yakitafuta urani ardhini. Reli mpya ya kisasa imekwisha kufika Dodoma na inasonga magharibi. Hatuwachukii wageni hawa. Reli ya kwanza ilileta dawa na vitabu pia. Lakini Kanisa lililokaa hapa muda mrefu lina wajibu wa kuuliza mapema, hadharani na bila hofu, lile alilouliza mtemi kisimani: mtatumia maji kiasi gani, mtaacha nini, na nani ataishi na mabaki yenu? Kuuliza hivyo si kupinga maendeleo. Ni kudai hongo ya kweli, ile isiyoingia mfukoni mwa mtu, bali inabaki katika udongo na maji kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.

Nasi tutaulizwa swali hilo hilo. Kabla ya mvua za msimu ujao, kila baraza la parishi linaweza kuanza na mambo yaliyo karibu: kuhesabu mabati ya kanisa, visiki vilivyo hai katika kiwanja chake, na mizigo ya kuni inayoingia jikoni kwa mwezi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo mwanzo wa kulipa.